Mwathirika Bora wa Lukwambe

Katika Jamhuri ya Heriyetu, nchi ambayo wachora ramani waliisahau na wafadhili wakaikumbuka, kulikuwa na Wizara ya Kilimo, Neema na Mafanikio Yanayoonekana. Urefu wa jina hilo ulikuwa na faida yake. Lilipoandikwa juu ya mlango lilivuka hadi kwenye ofisi ya jirani, na serikali, isipende kulikata jina katikati, ikaipa wizara ofisi zote mbili.

Ghorofa ya chini, chumba cha pili kutoka msalani, alikaa Mwalimu Nyembo Sadala, Mfasiri wa Wizara. Idara ya Lugha ilikuwa yeye peke yake, hivyo alikuwa mkuu wa idara na pia ndiye aliyekaripiwa. Zamani alifundisha lugha sekondari, na jina la Mwalimu likamganda. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno ya kigeni yanayoshuka na ndege, ayavishe nguo za nyumbani, kisha ayaachie yatembee. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kunyanyua mkono vikaoni na kuushusha kabla hajaonekana.

Kwao ni Lukwambe, safari ya siku nzima kutoka mji mkuu. Huko alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Siwema, aliyebaki kwenye shamba la marehemu baba yao akilima muhogo na kulea watoto. Miaka ya nyuma ugonjwa wa batobato uliingia Lukwambe. Majani ya muhogo yalijikunja na kuota mabaka ya manjano, na mtu akichimba alikuta vimizizi vya kumtia aibu mbele ya mkewe. Watu walikula akiba, wakala mbegu, wakala mizizi ya porini, kisha wakakaa wanatazamana.

Ndipo kikaja Kituo cha Mataifa cha Utafiti wa Muhogo. Wataalamu wake, wa hapa na wa ng'ambo, waliinama juani miaka na miaka mpaka wakapata muhogo mtamu unaoikataa batobato. Kwenye vitabu vyao uliitwa KMM-0419/7B. Watu wa Lukwambe waliupa jina la Sitiri, kwa kuwa uliwasitiri wasiende kuomba unga kwa wakwe. Ulikuwa na sharti moja tu. Kila baada ya misimu michache ilibidi kupanda pingili mpya, safi, kutoka kitalu cha kituo, maana batobato haisahau njia. Kituo kiligawa pingili, watu wakapanda, wakala, na Siwema akanenepa kidogo. Nyembo alipokwenda likizo alimkuta anacheka kwa sauti, jambo aliloliacha tangu utotoni.

*

Ikafika siku wafadhili wa kituo, watu wa nchi za baridi wenye huruma na mahesabu, wakasema kabla ya kuendelea wangependa kupimiwa. Hawakutaka kupimiwa shibe, kwani shibe haina kipimo cha kimataifa. Walikuwa na neno lao wenyewe, lenye maana ya badiliko ambalo jambo huliacha katika maisha ya watu baada ya kupita. Neno hilo lilikuja na Dokta Vanderlo, mshauri elekezi, bwana mrefu mwenye suruali ya mifuko mingi isiyokuwa na kitu ndani. Likatua uwanja wa ndege, likafika wizarani, na hapo ikagundulika kwamba halina jina la nyumbani.

Kamati ya Istilahi ikaitishwa. Ilikutana katika hoteli ya mlimani, kwa sababu inajulikana kwamba istilahi hazimjii mtu akiwa ofisini. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu mwenyewe, Dakta Injinia Wakili Mtengule, ambaye vyeo vyote hivyo alikuwa amepewa ili visigombaniwe.

"Tuseme manufaa," alipendekeza mjumbe mmoja.

"Tukisema manufaa tutakuwa tumejibu kabla ya kuuliza," alisema Mtengule. "Sayansi haitaki haraka."

"Matokeo?"

"Hayo ni mali ya Baraza la Mitihani."

"Tija?"

"Tija wanayo Wizara ya Kazi. Hawajaitumia bado, wanaitunza."

Likabaki neno moja: athari. Kamusi ilifunguliwa, ikasomwa kwa kusimama: alama inayoachwa na jambo. Wajumbe waliguna kwa raha. Nyembo akanyanyua mkono, na siku hiyo, kwa bahati mbaya, akaonekana.

"Mwenyekiti, ndani ya kamusi neno ni zuri. Lakini mtaani athari ni ya mafuriko, ni ya moshi, ni ya dawa iliyopita muda. Marehemu mama yangu alikula maisha yake yote na hakuwahi kusema chakula kimemwathiri, isipokuwa siku alipoharisha."

Ukumbi ulicheka. Mtengule alisubiri kicheko kiishe, maana alikuwa mtu wa utaratibu.

"Mwalimu, sisi hatutungi istilahi kwa ajili ya marehemu mama yako. Endelea, Katibu. Na yule mwananchi aliyefikiwa na utafiti, yeye ataitwaje?"

"Mwathirika, Mwenyekiti," alijibu katibu wa kamati. "Kwa kufuata sarufi."

Neno likapita kwa makofi, na wajumbe wakaenda kula. Nyembo aliitwa kutoka kwenye foleni ya chakula akatie saini, kwa kuwa saini yake ilihitajika ingawa yeye mwenyewe hakuhitajika. Aliitia, akarudi kwenye foleni.

*

Gari la matangazo liliingia Lukwambe siku ya gulio. Kipaza sauti kilisema Wizara inakuja kupima waathirika, kwamba kila kaya itapimwa, na kwamba walioathirika wajitokeze bila aibu kwani siri zao zitatunzwa.

Gulio lilitawanyika bila mtu kununua kitu. Wanaume kadhaa wenye safari nyingi walikumbuka mitego yao porini wakaenda kuiangalia. Bibi mmoja alimshika binti yake mkono akamrudisha nyumbani bila kusema naye. Mpaka mwenyekiti wa kijiji, Chabruma, alipopiga simu mjini ndipo watu walipotulia kidogo. Alirudi na maelezo kwamba damu ya mtu haitatolewa. Wageni wanakuja kuuliza tu ni athari gani zimeletwa na kituo cha muhogo.

"Kumbe," alisema Siwema. "Kuna mtu amewashitaki vijana wa kituo."

Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Ukiulizwa athari za mtu, basi mtu huyo ana kesi. Walikaa kikao chao wenyewe, bila hoteli, wakakubaliana kwamba kijiji kizima kitasimama na kituo. Asiwepo wa kuwaponza watu waliowalisha. Mkulima mmoja, Mbega, ndiye peke yake aliyenyamaza, kwa kuwa gari la kituo lilimkanyagia jogoo na bado alikuwa na kinyongo.

Timu ilifika: Dokta Vanderlo, wadodosaji, na Mwalimu Nyembo mlinzi wa istilahi. Kwa vile alizaliwa Lukwambe, Wizara ilihofia mgongano wa maslahi, ikamvisha kitambulisho shingoni kilichoandikwa MTAZAMAJI ASIYESEMA. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Siwema.

Siwema hakukubali kuulizwa na watu wenye njaa. Alileta mihogo ya kuchemsha, myeupe inayopasuka yenyewe, pamoja na kisamvu cha karanga, nao wakala. Dokta Vanderlo alilegeza mkanda, akaomba tena, akauliza chakula hiki kizuri kinaitwaje. Aliambiwa kinaitwa Sitiri. Kwa kuwa jina hilo halikuwa kwenye dodoso, hakulifuatilia.

Mdodosaji aliitwa Pilisia, msichana mwenye adabu kutoka mjini. Aliusogeza mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, eti wewe ni mwathirika?"

Siwema alimtazama kaka yake, kisha akaivuta khanga vizuri mabegani. "Mwanangu, mimi ni mke wa mtu."

"Sina maana hiyo, mama. Nauliza kama utafiti wa muhogo umekuathiri."

"Haujaniathiri."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Wanangu hao nje, nenda ukawatazame. Hakuna aliyeathirika humu ndani. Aliyekwambia ana lake jambo."

"Kwa hiyo niandike hakuna athari?"

"Andika, mwanangu. Andika kwa herufi kubwa, wasije wakawaonea wale vijana bure."

Nyembo alikohoa. Alipoona kalamu inashuka alikohoa tena, kikohozi kirefu chenye maneno mengi ndani yake, akawa anamkodolea macho dada yake na kutikisa kichwa. Dokta Vanderlo, mtu mwenye huruma, alipekua mifuko yake yote mitupu, katika mmoja akapata pipi ya kifua, akampa. Nyembo akaimung'unya.

Walipokuwa wanatoka, Siwema alimvuta kando ya banda la kuku. "Nimejibu vizuri, kaka?"

Uso wake ulikuwa umejaa fahari, uso wa mtu aliyelipa fadhila. Nyembo alitazama kitambulisho chake, akashindwa kuuharibu uso ule.

"Umejibu vizuri," alisema.

*

Taarifa iliwasilishwa mji mkuu mbele ya mabalozi, wadau, na wasiokuwa wadau waliosikia kutakuwa na chakula. Dakta Injinia Wakili Mtengule alisimama kuhutubia.

"Waheshimiwa, Serikali yenu sikivu imepima. Imepima kwa kina, imepima kwa upana, na pale ilipowezekana imepima kwa kimo. Tumegundua kwamba katika bonde zima la Lukwambe, baada ya miaka yote hiyo, utafiti wa muhogo umeacha athari moja. Nayo ni jogoo."

Jogoo wa Mbega alionyeshwa ukutani kwa picha ya kuchora, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameshaliwa. Wafadhili walitikisa vichwa kwa masikitiko. Hawakuwa watu wabaya. Walieleza kwa sauti ya chini kwamba dunia ina shida nyingi na wao hupenda kwenda kule wanakohitajika, na kama watu wa Lukwambe wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wamekana kwa nguvu kiasi hicho, basi kuendelea kungekuwa ni kuwalazimisha.

Kesho yake Nyembo alipanda ngazi mpaka kwa Katibu Mkuu.

"Mheshimiwa, watu wa Lukwambe hawakusema kituo hakina faida. Walisema hakina ubaya."

"Unataka kusema wananchi wamekosea kujibu?"

"Hawakukosea. Sisi ndio tuliokosea kuuliza."

Mtengule alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa. "Swali lilipitishwa na kikao, Mwalimu. Mtu anaweza kukosea, lakini kikao hakikosei, kwa maana kingekuwa kinakosea tusingekuwa tunakiitisha. Na saini iliyo chini yake ni ya nani?"

Nyembo aliteremka ngazi zile zile, akakaa kwenye kiti chake, na siku hiyo hakufasiri neno lolote.

*

Kufungwa kwa kituo kulifanywa kwa heshima zote. Watu wa itifaki walijadili kwamba, kwa kuwa wakati wa kufungua hukatwa utepe, basi wakati wa kufunga inafaa utepe ufungwe. Waziri alikabidhiwa vipande viwili juu ya kitambaa cha mahameli. Hakujua kufunga fundo, akasaidiwa na mlinzi wake, na brasi bendi ikapiga.

Kisha kitalu kikachomwa. Kanuni ilisema kitu kisicho na athari kisiachwe kikazagaa. Pingili zilikuwa zimepangwa kwa safu, mbichi, zimeanza kuchipua, na msimu wa kugawa ulikuwa umekaribia. Wanawake wa Lukwambe waliomba wapewe hata zile za pembeni. Afisa aliwaeleza kwa upole kwamba serikali haiwezi kuwagawia wananchi wake kitu ambacho wao wenyewe wamethibitisha hakijawafaa. Moshi wa pingili ulikuwa mzito na ulikaa bondeni mpaka jioni, kwani kijiti kibichi hakitaki kuungua. Vijana wa kituo walipanda gari huku wanalia. Walikuwa wamesoma taarifa, na hawakuelewa watu hao waliwachukia kwa lipi.

Siwema alimfuata kaka yake, aliyekuwa amekuja na msafara wa Waziri.

"Kaka, sisi tuliwatetea. Nyumba zote tuliwatetea. Nani kawasemea vibaya? Ni Mbega na kuku wake?"

"Sijui, Siwema."

"Utatuulizia huko Wizarani?"

"Nitawaulizia."

Alipanda gari la Wizara akaketi kiti cha nyuma. Alijichukia, na aliona haya hata kumtazama dereva.

*

Msimu wa kwanza Sitiri ulijikaza. Wa pili, majani yalianza kujikunja pembezoni, kisha mabaka yakaingia, na batobato ikarudi ndani ya mashamba iliyoyazoea. Waliokuwa na mbuzi waliuza mbuzi. Kilichobaki ardhini ni mihogo michungu ya kale, ile iliyopandwa mipakani kuwakomesha nguruwe. Watu wazima wanajua muhogo mchungu hauliwi mpaka ulowekwe siku kadhaa, uanikwe, ukauke, sumu itoke. Siwema alijua hilo vizuri kuliko anavyojua jina lake. Ila watoto walikuwa wanalia, na mwenye watoto wanaolia hupunguza siku moja, kisha nyingine. Chakula kilichoiva sawasawa aliwapa wao, na cha haraka alikila yeye.

Asubuhi moja alishindwa kunyanyuka kitandani. Miguu ilikuwa imekakamaa, na magoti yamegeukiana. Haikuuma. Iligoma tu, na mganga wa zahanati alisema miguu iliyoshikwa na sumu ya muhogo mchungu hairudi. Jirani yake, Mwanakombo, alimzika mwanawe wa kitinda mimba wiki hiyo hiyo.

Nyembo alikwenda mara tu habari zilipomfikia. Alimkuta Siwema kwenye mkeka, anachambua mboga za porini na miguu ameifunika khanga, kama mtu aliyeficha kitu asichotaka wageni wakione. Akakaa chini karibu naye. Hakuanza na salamu.

"Hakuna aliyewasemea vibaya vijana wa kituo. Lile neno athari, kule kwa wenyewe halina ubaya. Kwao athari ndiyo kheri. Walipouliza mna athari gani, walikuwa wanauliza mmepata faida gani. Mkasema hakuna. Na neno hilo, Siwema, lilipita kwa saini yangu. Nilijua. Nilinyanyua mkono, wakacheka, nikaushusha."

Siwema aliendelea kuchambua mboga. Alichambua mpaka zikaisha, akaanza kuzichambua zilizokwisha kuchambuliwa.

"Mngetuuliza tu kama tunashiba," alisema hatimaye.

Nyembo alilia, mtu mzima, mwalimu wa watu. Siwema alimwacha alie kwanza, kisha akamgusa goti.

"Sasa sikiliza, kaka. Wakija tena tuseme zipo?"

"Semeni zipo."

"Nyingi?"

"Semeni tele. Mkisema tele, watakifungua."

Habari hiyo ilitembea kijijini usiku kucha ikafika kila nyumba. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu wa Lukwambe walikuwa na kitu cha kungojea.

*

Nao walikuja tena, maana Heriyetu ni nchi ya sheria, na sheria inasema kila hatua ya serikali ni lazima ipimwe. Kituo kilifunguliwa, kikapimwa. Kituo kimefungwa, na kufungwa nako kuna haki yake. Safari hii Nyembo aliachwa ofisini, kwa sababu ya kile kikohozi.

Pilisia alirudi kwenye mkeka ule ule. Hapakuwa na chakula cha kuwakaribisha, na Siwema aliwaomba radhi kwa hilo kabla ya jambo lolote.

"Mama, je, kufungwa kwa kituo kumekuletea athari?"

Siwema alilisikia neno lile alilokuwa akilisubiri, na mengine yakampita.

"Zipo, mwanangu. Athari zipo tele."

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa sana. Andika kubwa sana."

"Na kabla ya hapo hukuwa nazo?"

"Nilikosea kusema, mwanangu. Sasa najua. Sisi sote hapa ni waathirika."

Kila nyumba ilisema hivyo. Wazee walisema, akina mama walisema, na Mbega naye alisema, kwa kuwa njaa ilikuwa imemsahaulisha jogoo. Gari lilipoondoka watu walilipungia mikono, na Siwema, akiwa kwenye mkeka wake, akacheka kwa sauti.

Nyembo aliipata taarifa mezani kwake ili aifasiri. Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia kuusoma. Kufungwa kwa Kituo cha Muhogo cha Lukwambe, ilisema taarifa, kumeleta athari kubwa sana kwa asilimia mia moja ya wananchi. Katika kazi yake yote Dokta Vanderlo hakuwahi kuiona mia. Inasemekana alilia. Aliandika kwamba hakuna utafiti wowote duniani uliowahi kuwa na athari kwa binadamu kiasi cha kukosekana kwa ule wa muhogo, na kwamba umefika wakati wa kuvifunga vituo vilivyobaki, vya mpunga, vya mtama na vya maharage, ili wananchi wa sehemu nyingine nao wasibaguliwe.

Nyembo alipanda ngazi kwa mara ya pili.

"Mheshimiwa, watu hawa wameumia. Dada yangu hatembei."

"Ndiyo maana tunampa tuzo," alisema Mtengule, na akaonekana kuwa na furaha ya kweli kwa ajili yake. "Mwathirika Bora wa Mwaka. Wewe ndiye utakayemkalimania, Mwalimu. Tumeona ni vizuri jambo likae kwenye familia."

*

Sherehe ilikuwa katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu. Wageni walikaa mbele, kila mmoja na kidude chake cha kusikilizia sikioni. Nyembo alikuwa nyuma yao, ndani ya kibanda cha mkalimani chenye kioo, kipaza sauti mbele yake. Siwema alipandishwa jukwaani na askari wawili juu ya kiti cha kupambwa maua. Alikuwa amevaa khanga mpya aliyoazimwa na Mwanakombo, na alitazama huku na huku akitafuta kati ya watu wale ni nani mwenye funguo za kituo.

Mshereheshaji alimwinamia na kipaza sauti. "Mama, waeleze wageni wetu. Athari umezipata?"

"Nimezipata."

Nyembo alitafsiri neno hilo moja tu, na kabla hajaongeza jingine ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wageni walisimama. Ili wapige makofi vizuri walivitoa vile vidude masikioni wakaviweka kwenye viti. Mshereheshaji alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, lakini Siwema alikishika kwa mikono yote miwili.

"Mimi naitwa Siwema Sadala," alisema. "Nilikuwa nalima. Sasa sitembei. Jirani yangu kazika mtoto, na njiani kuja huku nimeona makaburi mengine mapya madogo madogo. Ule muhogo ulitufaa. Hatukujua kulisema hilo kwa maneno yenu, mtusamehe. Tunaomba mbegu, hata pingili chache za kuanzia. Hatuombi kingine."

Nyembo alizifasiri sentensi zote. Hakupunguza wala hakupamba. Kufa alikuita kufa, njaa akaiita njaa, akaendelea mpaka mwisho. Hotuba haijapata kufasiriwa vizuri namna hiyo katika Jamhuri ya Heriyetu. Kupitia kioo aliwaona wageni wamesimama, wanatabasamu, masikio matupu. Kila Siwema alipopumua waliongeza makofi. Alipomaliza, Dokta Vanderlo alimpa kikombe cha shaba, bendi ikapiga, na ikatangazwa kwamba chakula kiko tayari upande wa pili. Wageni wakatoka kwa taratibu nzuri, wanapishana mlangoni.

Nyembo alishuka akamwendea. Askari walikuwa wamekiteremsha kiti, yeye akiwa juu yake, na kukiacha mbele ya jukwaa.

"Umewaambia yote, kaka?"

"Yote."

"Wamesemaje?"

Nyembo aliutazama ule ukumbi, viti na vidude juu yake. Alitaka kusema kweli, na alikuwa amejiapiza kwamba hatamdanganya tena maishani mwake. Lakini dada yake alikuwa anamtazama kwa uso ule ule wa siku ile kando ya banda la kuku.

"Wamesema pole," alisema.

Siwema aliinamisha kichwa. Tangu miguu ilipomgoma hakuna mtu wa Wizara aliyekuwa amempa pole, na alikaa nayo kidogo, akiipokea.

"Basi waambie nimeshapoa."

"Nitawaambia."

"Sasa hivi, kaka, kabla hawajafika mbali. Mtu akikupa pole humwachi aende hivi hivi."

Nyembo alirudi ndani ya kibanda. Alikaa, akavaa vifaa vyake, akabonyeza kipaza sauti mpaka taa nyekundu ikawaka. Wahudumu walikuwa wanakusanya glasi kati ya viti. Akalitafuta neno hilo, nimeshapoa, katika lugha yao na hakulipata, kwa sababu hawana, basi akaanza kulieleza kwa maneno mengi, polepole, tangu mwanzo. Siwema alikuwa anamtazama kupitia kioo, akisubiri amalize.